Binti Mrimba na Melkorka

Kisa cha kuanzishwa kwa usultani wa Kilwa kimetufikia kwa njia tatu, na ukizisoma pamoja utaona kwamba zinahitilafiana juu ya jambo moja kuliko yote: mama ni nani.

Ya kwanza ni tarikhi ya Kiarabu iliyotungwa katika karne ya 16, Wareno walipokwisha kuuvamia mji, na nakala yake iliyoko London iliandikwa Zanzibar zama za Seyyid Barghash. Humo mfalme wa Shirazi na wanawe sita wanasafiri kwa majahazi saba, kila jahazi linatia nanga mahali pake, na mmoja wao anafika Kilwa. Mwenye kisiwa, ambaye si Mwislamu, anakubali kukiuza kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka chote. Nguo zinatandazwa, mwenye kisiwa anavuka kwenda bara, na kuanzia hapo habari ni ya sultani, mwanawe, na mwana wa mwanawe.

Ya pili aliiandika Mreno João de Barros mwaka 1552. Kwake yeye, Ali mwanzilishi wa Kilwa ni mtoto wa mama Mhabeshi, mtumwa, hali ndugu zake mama yao ni mwungwana wa Kiajemi. Ndugu wakamdharau kwa ajili ya mama yake, naye akaona heri akatafute mji wake mwenyewe.

Ya tatu ilisimuliwa na Wakilwa kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapa mwaka 1907. Hapa mwenye mji anaitwa Mrimba, ana binti, na mgeni aliyekuja na majahazi anaposa. Ndoa inafungwa. Habari ya nguo imo vilevile, na ya bahari iliyosomewa isikupwe ili Mrimba asirudi na vita. Lakini yule binti hapotei katika masimulizi. Anazaa mtoto wa kiume, mtoto anakua, anakwenda bara kumwamkia babu yake mzaa mama, na babu anamkabidhi madaraka yake. Kwa hesabu ya wazee wale, sultani wa pili wa Kilwa alirithi kuumeni na akarithi kukeni.

Kwa muda mrefu wanahistoria waliitegemea zaidi ile ya kwanza kwa kuwa ni ya kale na imeandikwa, na hii ya tatu ikahesabiwa kuwa hadithi ya barazani. Mimi nashikilia kwamba hii ya tatu ndiyo iliyokaribia zaidi kueleza jinsi watu wa miji ya pwani walivyotokea, na kwamba sababu za kusema hivyo sasa zimo katika mifupa.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na watu wa Makwasinyi, kijiji cha bara chini ya mlima Kasigau. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyechimba pwani kwa miongo kadhaa, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Ili kuyaelewa matokeo yao, yafaa kujua namna urithi unavyogawanywa mwilini. Karibu kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na tunapozaa tunampa mtoto moja tu, bila kuchagua. Kwa hiyo nasaba zote huchanganywa upya kila kizazi. Ziko sehemu mbili ambazo hazichanganyiki hivyo. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, karibu yote kama ilivyo. Vinasaba vya mitokondria, herufi 16,569 tu mbele ya bilioni tatu za jumla, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini ni binti pekee anayevipeleka mbele. Kromosomu Y inafuata njia ileile ya tarikhi: fulani bin fulani bin fulani. Mitokondria ni silsila ya akina mama, na hiyo hakuna karani wa sultani aliyeiandika.

Basi katika makaburi yale, mitokondria karibu zote zilikuwa za Kiafrika, na kromosomu Y nyingi zilikuwa za aina zinazopatikana kusini-magharibi ya Asia. Ukitazama vinasaba vyote kwa jumla, watu wengi walikuwa na zaidi ya nusu kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kukeni, na sehemu kubwa, mara nyingine kupita nusu, kutoka Asia. Katika sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilielekea Uajemi na iliyosalia Bara Hindi. Vipande vya nasaba ya mgeni hukatika na kuwa vifupi zaidi kila kizazi kinapopita, kwa hiyo urefu wake huonyesha umri wa mchanganyiko, nao ulianza karibu na mwaka 1000, wakati Uislamu ulipokuwa ukienea kwa wingi pwani. Baada ya 1500 hivi nasaba ya Uarabuni ikaanza kuzidi ile ya Uajemi.

Habari hizi ziliwashtua wengi, na si bila sababu. Tangu miaka ya 1970 wataalamu kadhaa walifundisha kwamba Ushirazi ni dai la heshima tu, kwamba koo za pwani zilijivisha asili ya ng'ambo ili zijitenge na watu wa bara. Walikuwa na haki ya kutilia shaka, maana serikali za kikoloni ziliutumia Ushirazi kudai kwamba Mwafrika hakuweza kujenga mji wa mawe. Sasa mifupa inaonyesha kwamba wale wazee waliosema babu zao walitoka Uajemi walikuwa wamehifadhi jambo la kweli kwa miaka elfu moja. Ni sharti wapewe haki yao. Pamoja na hayo, kromosomu Y ni mstari mmoja tu. Ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wazazi katika nasaba yako, na mstari wa baba kwa baba unajaza nafasi moja. Tarikhi ya Kilwa ilihifadhi hiyo moja kwa uaminifu mkubwa, na nafasi 1,023 ikaziacha wazi.

Ajabu ni kwamba mbali sana na hapa, katika bahari baridi ya kaskazini, kuna watu wengine waliobaki na fumbo kama letu, nao wakaliandika kwa urefu kuliko taifa lolote ninalolijua. Iceland ilianza kukaliwa karibu na mwaka 870, na kufikia 930 ardhi yake nzuri ilikuwa imekwisha gawanywa. Kitabu chao kiitwacho Landnámabók kinawataja walowezi wakuu zaidi ya 400, mmoja mmoja, na shamba alilolishika, na baba yake alikuwa nani huko Norway. Ukikisoma peke yake utadhani kisiwa kizima ni cha watu wa Norway waliohama na wake zao.

Agnar Helgason na wenzake walipopima vinasaba vya Waiceland wa leo, karibu mwaka 2000, waliona kwamba kromosomu Y asilimia 75 hadi 80 zilielekea Skandinavia, lakini mitokondria asilimia 62 hivi zilielekea Scotland na Ireland. Wanaume wa Norway, wanawake wa visiwa vya Waselti. Mpangilio ni uleule wa Manda na Mtwapa: akina baba wengi wa upande mmoja wa bahari, akina mama wengi wa upande mwingine.

Na kama Kilwa, Iceland nayo ina masimulizi yanayomkumbuka mama. Yamo katika Laxdæla, riwaya ya kale ya karne ya 13. Höskuldr, mkubwa mmoja wa Iceland, ananunua mjakazi kwa mfanyabiashara wa watumwa. Ni mzuri, ni bubu, na bei yake ni marki tatu za fedha, mara tatu ya bei ya wenzake. Anamzalia mtoto, Ólafr. Siku moja Höskuldr anapita karibu na kijito na kusikia sauti: yule bubu anazungumza na mwanawe, kwa lugha yake. Hapo ndipo anapotaja jina lake, Melkorka, na kusema kwamba yeye ni binti wa Myrkjartan, mfalme wa Ireland, aliyetekwa akiwa na miaka 15. Mtoto anakua, mama anampa pete ya dhahabu aliyopewa na baba yake, naye anasafiri hadi Ireland kumwona babu yake mzaa mama. Babu anaitambua pete. Anataka kumrithisha ufalme.

Msomaji wa pwani akifika hapo hawezi kuacha kumkumbuka mjukuu wa Mrimba. Sidai kwamba kisa kimoja kilizaa kingine, hakuna njia iliyounganisha watu wale. Ninachoona ni kwamba jamii mbili zilizoanza kwa njia moja, wanaume waliovuka bahari na wanawake wa ukoo mwingine, zilikutana na swali moja: mtoto huyu ana haki gani kwa watu wa mama yake? Zote mbili zikalijibu kwa kumtuma kijana kwa babu. Majibu ndiyo yanayotofautiana. Mjukuu wa Mrimba alipokea. Ólafr alikataa, akahofia vita na wajomba zake, akarudi Iceland kwenye mji wa baba. Mwanawe akampa jina Kjartan, kwa ajili ya Myrkjartan, na jina hilo Waiceland wanaliita watoto wao hadi leo. Karibu hicho tu ndicho kilichobaki cha Ireland katika nyumba ile.

Hapa ndipo vinasaba vinapoishia na masimulizi yanapoanza kuwa na kazi. Mitokondria haijui posa, wala haijui bei. Mwanamke aliyeolewa kwa mahari mbele ya baba yake na mwanamke aliyenunuliwa kwa marki tatu huacha alama ileile. Pwani yetu nayo ilikuwa na masuria, na mama wa Ali katika kitabu cha Barros anatukumbusha hilo. Kwa hiyo haitoshi kusoma asilimia za Manda na kusema kwamba akina mama wale walikuwa mabinti wa wenye miji, au kwamba walikuwa watumwa. Lazima tutafute ushahidi mwingine.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko yote ni lugha. Iceland, wanawake walio wengi walitoka kwa Waselti na bado lugha yao ikafa kisiwani. Yalibaki majina machache kama Kjartan, Njáll na Kormákur, na maneno ya kuhesabika. Mtoto alinyonya kwa mama wa Kiselti akazungumza Kinorsi, lugha ya baba. Pwani ya Afrika Mashariki mambo yakawa kinyume kabisa: mtoto wa baba Mwajemi alikua anasema Kiswahili, lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda, na Kiajemi kikaacha maneno tu. Watu wa upande wa mama hawakuwa na haja ya kubadili usemi wao ili kuwaridhisha akina baba. Mwenye mji ndiye anayeamua lugha ya mji, na hapa wenye mji walikuwa watu wa mama.

Akiolojia inaunga mkono. Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, chini ya misikiti mingine iliyojengwa juu yake kizazi baada ya kizazi hadi ikafikiwa ya mawe. Mji ulikuwepo, Uislamu ulikuwepo, na biashara na Ghuba ilikuwepo, zaidi ya miaka 200 kabla ya mchanganyiko unaoonekana katika vinasaba. Waajemi hawakukuta pwani tupu. Walioa katika miji iliyokwisha kusimama. Hata karne nyingi baadaye, Lamu na Pate, desturi ya wenye uwezo ilikuwa kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Mwanamume alileta nisba, na mwanamke alikuwa na nyumba.

Mfano wa tatu unatoka kusini, kwa Walemba wa Zimbabwe na jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Hawa husema walitoka Sena, ng'ambo ya bahari, na kwamba waliokuja walikuwa wanaume, wakaoa wanawake wa nchi. Hawali nguruwe, wanachinja kwa kanuni zao, na wanatahiri. Mwaka 1996 Amanda Spurdle na Trefor Jenkins walionyesha kwamba karibu nusu ya kromosomu Y za Walemba zina asili ya Mashariki ya Kati. Mwaka 2000 kundi jingine likaona kwamba katika mlango wao mmoja, Buba, zaidi ya nusu ya wanaume waliopimwa walibeba aina inayopatikana sana kwa makuhani wa Kiyahudi. Magazeti yakapiga mbiu: kabila la Israeli lililopotea limepatikana. Mwaka 2013 Himla Soodyall wa Johannesburg alirudia kwa vipimo vilivyo makini zaidi, akakuta kwamba asili ya Mashariki ya Kati ipo, lakini aina yenyewe ya makuhani haikuthibitika, na akina baba wale wangeweza kuwa wafanyabiashara wa Kiarabu.

Nampongeza Soodyall kwa subira yake. Walemba walikuwa wamesema "wanaume, kutoka ng'ambo, wakaoa hapa", na kila neno la usemi huo limesimama. Kilichoanguka ni kile walichoongezewa na watu wa nje waliokuwa na hamu ya kabila lililopotea. Na lugha yao je? Kivenda na Kishona, lugha za wakwe. Kwa upande huo Walemba wanafuatana na Waswahili, na Iceland inabaki peke yake.

Kuna hatari moja katika masomo haya yote, nayo ni kumfanya mtu awe asilimia. Neno "Uajemi" katika jedwali la mtaalamu maana yake ni kufanana kitakwimu na watu wa Iran waliopimwa, si cheti cha uraia. Tena aina za jeni hazigawanywi duniani kwa mipaka ya makabila. Mwaka 1972 Richard Lewontin alipima tofauti za damu na protini katika watu wa sehemu mbalimbali, akakuta kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti zote zimo ndani ya kila jamii, baina ya jirani na jirani. Hizo zinazotenganisha bara na bara ni kidogo, na mara nyingi ni tofauti ya wingi tu: jeni ileile ipo kwa wote, huku wengi, kule wachache.

Jeni ya selimundu inalionyesha hili nyumbani kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa huko mwaka 1949 na kuchapisha hoja yake 1954. Wajaluo wa ziwani na Wagiriama wa pwani, ambao lugha zao hazina udugu wowote, wote wanayo kwa wingi. Wakikuyu, ambao ni Wabantu kama Wagiriama, wanayo kwa uchache mno, kwa kuwa wamekaa nyanda za juu zisizo na malaria. Mwenye nakala moja ya jeni hiyo hulindwa na malaria kali, na mwenye mbili huugua. Kwa hiyo mbu ndiye aliyeamua iwe nyingi wapi, na ukiisoma kama shajara ya ukoo utaandika historia ya uongo.

Bahati pia inaandika. Mwaka 2018 Sunna Ebenesersdóttir na wenzake walichapisha vinasaba vya Waiceland wa kale, wengi wao wa vizazi vya mwanzo, wakaona jambo lisilotarajiwa: wale wa kale wanafanana zaidi na watu wa Skandinavia na visiwa vya Uingereza na Ireland wa leo kuliko wanavyofanana na Waiceland wa leo, ambao ni wajukuu wao. Jamii ikiwa ndogo, kila kizazi ni kama kuteka gao moja la kunde na choroko zilizochanganywa kapuni, kisha ukapanda hilo gao tu. Ukirudia mara 30, aina fulani zimekwisha na nyingine zimejaa shamba. Jambo jingine ni zito zaidi. Nasaba ya Kinorsi, iliyokuwa asilimia 57 hivi kwa walowezi, leo ni 70. Watafiti walieleza kwamba huenda waliofika utumwani walipata nafasi ndogo ya kuoa na kuzaa, na pia Wadenmark waliongezeka baadaye. Wenzake Melkorka, wale ambao baba zao hawakuwa wafalme, walikosa mwandishi na wakakosa wajukuu.

Swali hilohilo linaisubiri pwani yetu. Wengi kati ya watu waliochunguzwa katika miji yetu walizikwa mahali pa heshima, kando ya misikiti na katika makaburi ya mawe, na vinasaba vyao vinatueleza hasa habari za waungwana. Waswahili wengi waliopimwa leo wana nasaba ya Asia kidogo kuliko wale, na sababu yake inaonekana wazi ukifikiria ni wangapi walioishi katika nyumba za udongo na makuti nje ya majumba ya mawe: wavuvi, wakulima, mafundi, na watu walioletwa kutoka bara kwa hiari au kwa nguvu. Hao hawamo katika tarikhi ya Kilwa, hawamo kwa Barros, na hata wazee waliomsimulia Velten walimkumbuka binti wa mwenye mji, si binti wa mvuvi. Makwasinyi ndicho kijiji pekee cha bara kilichoingizwa katika utafiti ule wa 2023, nacho kilikuja kuwa na manufaa makubwa, maana nasaba ya Kiafrika ya watu wa Mtwapa na Manda ilifanana na ya watu wake, hali Kilwa ilikuwa na asili nyingine ya Kibantu. Kijiji kimoja kimeonyesha kwamba akina mama wa kaskazini na wa kusini hawakuwa wa asili moja. Viko vijiji vingi nyuma ya Kilwa, nyuma ya Pangani na nyuma ya Bagamoyo, na wazee wake bado wanataja koo za kukeni kwa majina. Nadhani huko ndiko inakopasa kazi ielekee sasa, na watafiti waanze na hao wazee kabla ya kugusa kaburi lolote.